Pipa la Kulanti ya Zambarau

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, limekaa chini mno hata pale mbele ya duka langu la Bondeni, mjini Kyela, ilibidi mtu ainame ndipo amwone dereva. Mimi sikuinama. Nilimjua kwa kukohoa kwake tu.

Alikuwa bosi wangu wa zamani. Miaka sita nyuma, nikiwa mtunza stoo wa kampuni moja ya malori, pipa zima la kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, lilipotea wiki ya wakaguzi, naye akasema nimeiba mimi. Kunifukuza kazi hakukumtosha. Alinipakia kwenye pikapu hadi kijijini Makwale, akanishusha uwanjani kwa baba mkwe wangu, akanisomea mashtaka pale pale.

Alikuwa wa kwetu, kwa hiyo alijua anachofanya. Kwa Wanyakyusa mke wa mtu hamtazami baba mkwe wala hasemi naye; desturi hiyo tunaiita ukutila. Nilijifunika kanga usoni, nikachuchumaa nikiwa nimeelekea migomba, na utetezi wangu wote ukanikaa kooni. Bosi akamgeukia mzee, akamwambia, "Umeona mwenyewe. Anayenyamaza amekubali."

Tangu siku ile baba mkwe hakula chakula changu. Nilimpelekea wali kwa mkono wa mume wangu, nao ukarudi umefunikwa vile vile. Kazi haikuniuma sana. Biashara ziliporuhusiwa nilifungua duka la vipuri, nikala kwa jasho langu. Zile sahani ndizo zilizoniuma. Kila iliporudi moja nilimwombea bosi mabaya, na Jumapili nilimwombea hata nikiwa kanisani.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu, kofia mkononi. Gari lake la mbio, lililoshuka melini likiwa limeshatumika huko Japani, lilikuwa linachemsha kila likipanda mlima wa Tukuyu. Alitaka kujua liwekwe kulanti gani. Nilitoka, nikafungua rejeta, nikachovya kidole. Ilikuwa nyekundu, imepungua nusu. Injini ya alumini ile, inataka nyekundu kwa nyekundu. Ukiichanganya na ya aina nyingine inaganda kama uji. Watu wetu waliua magari mengi kwa kujaza maji ya chemchemi ya moto, wakisema maji yaliyozoea moto hayachemki upesi. Chumvi ikaziba kila tundu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimshauri.

"Ya dukani kwako siitaki," akasema. "Nyumbani nina ya Ulaya. Ya zambarau."

Nikaufunga mdomo. Kyela nzima kulanti ya zambarau ilifika mara moja tu, katika lile pipa, ikiwa zawadi iliyofuatana na malori. Nililipokea mimi, nikaliandika namba kwa rangi nyeupe kwa mkono wangu.

"Lete niione kesho mchana, bosi," nikamwambia. "Kulanti ya zamani haijazwi hivi hivi."

Usiku ule mume wangu alikwenda Makwale kumchukua baba yake. Kesho yake mzee aliketi nyuma ya duka, upande wa pili wa ukuta wa mabati. Desturi inakataza macho na maneno, masikio haijayakataza.

Bosi alikuja na galoni imejaa. Nikaimimina kidogo kwenye kikombe cheupe, nikaigeuzageuza juani kama mganga.

"Imekaa wapi, bosi? Nikijua ilikotunzwa nitajua kama bado ina nguvu."

"Stoo kwangu, kivulini. Pipa halijawahi kupigwa jua."

"Tangu lini?"

Akacheka. "Mama, wewe si unajua? Tangu wiki ile ya wakaguzi. Nililihamisha mwenyewe na pikapu. Mambo ya zamani hayo, na kampuni yenyewe imeshakufa. Hukuyaweka moyoni, au?"

Nyuma ya mabati kiti kililia. Nikakiweka kikombe juu ya kaunta.

"Sasa," akasema bosi, "niijazie juu ya ile nyekundu? Itafaa?"

Nilivuta kanga yangu hadi usoni. Nikageuka, nikatazama rafu ya feni belti. Aliuliza tena, nami nikaendelea kuzitazama zile feni belti.

"Haya," akasema, "anayenyamaza amekubali." Akaenda kumimina galoni nzima kwenye rejeta, akafunga kifuniko, akaondoka kuelekea Tukuyu huku akipiga honi.

Mwosha huoshwa. Gari lilimfia katikati ya mlima, injini imepinda, rejeta imejaa ute. Lilirudi Kyela likiwa limebebwa juu ya lori la ndizi, likapita mbele ya duka langu mchana kweupe, naye ameketi kando ya dereva. Nilitoka nje kulitazama. Watu huniuliza kama sikumwonea huruma. Sikumwonea, na hadi leo nikiikumbuka siku ile chakula hunishuka vizuri.

Jioni ile nilipika wali na samaki wa ziwani, mume wangu akapeleka Makwale. Sahani ilirudi tupu, imeoshwa. Baba mkwe alikuwa ameagiza niambiwe neno moja tu la kwetu: ndaga, yaani asante.

Bosi naye alikuja wiki ile ile, akagonga kaunta kwa hasira, akataka kujua kwa nini sikumwambia. Nikavuta kanga yangu usoni.