Shukrani ya Usingizi

Ambakisye wa Ihanda hakuwa kiziwi. Ila neno akilipenda, alilisikia anavyotaka yeye. Daktari wa Dar es Salaam alimweleza wazi, mkewe Loisi akiwa amekaa pale pale: saratani ya titi imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga, na mionzi watakayompiga ni ya kutuliza. Basi yeye akaondoka na hilo neno moja. Kutuliza. Na kwa mkulima wa kahawa, ugonjwa ukitulia si umekwisha? Nani angembishia?

Loisi alisikia yote. Kutuliza maumivu, siyo kuponya.

Siku za kwanza baada ya mionzi nyonga iliuma kupita mwanzo, hata Ambakisye akaanza kunung'unika kwamba safari imekwenda bure. Halafu, polepole, maumivu yakalegea. Loisi akalala. Mwanamke aliyekuwa akikesha ameng'ata kanga ili asiamshe nyumba, jamani, akalala mpaka jua likamkuta kitandani. Akaanza kutoka nje, akakaa kando ya kichanja cha kuanikia, akichambua kahawa. Ambakisye alipomwona hivyo, akavaa koti lake, huyoo, moja kwa moja kwa mchungaji: Jumapili tunatoa shukrani, mke wangu amepona.

Habari ikazagaa hadi kijiji cha Isansa. Akina mama wakaja kumpongeza. Loisi akaitikia asante, huku akiwaza. Atamwambiaje mzee wa watu anayepiga mluzi kutwa nzima? Na asipomwambia, maumivu yakirudi, si ataona Mungu kamgeuka mbele ya kanisa zima?

Jumamosi, wakichambua kahawa wawili tu, akalitoa.

"Baba Rubeni, daktari hakusema nitapona. Alisema mionzi ni ili nisiumie."

"Alisema kutuliza."

"Kutuliza maumivu. Ugonjwa upo. Na mimi sina siku nyingi."

Ambakisye akaendelea kuchambua, punje nzuri akizitupa pamoja na mbovu. Loisi hakumsahihisha. Baadaye mume akasema tu, "Nimeshamwambia mchungaji," akainuka.

Jumapili Loisi alikaa benchi la mbele, roho mkononi. Alimjua mtu wake: atasema amepona, kwa aibu ya kumeza maneno yake mwenyewe. Ambakisye akaitwa. Akasimama ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Niliwaambia mke wangu amepona," akasema. "Nilikosea. Hajapona, na wanasema hatapona. Lakini ile mionzi imemwondolea maumivu, usiku analala. Nimekuja kushukuru kwa usingizi wake."

Hakuna aliyejua kama aseme amina au anyamaze. Loisi akainuka kwa shida, akaenda kusimama kando ya mumewe, wakalia wote wawili mbele ya watu.