Bamia za Mgiriki

Jumanne iliyopita, mama lishe mmoja jirani na stendi ya Kibiti hakupika wali. Alipika bamia nzima, bilinganya na viazi katika sufuria moja, vimelowa nyanya na mafuta. Akampakulia dereva wa bodaboda sahani tele, na kipande cha mkate pembeni.

Dereva hakugusa. Aliweka mikono magotini, akangoja.

"Kula, baba," mama akamwambia.

"Mboga nimeiona. Nangoja chakula."

"Ndiyo chakula chenyewe. Nilimpikia Mgiriki Dar miaka mingi. Mfungo wa kanisa lao ukifika hagusi nyama wala samaki. Anakula sahani kama hiyo, basi."

"Anakula mchana?"

"Mchana."

"Na amefunga?"

"Amefunga."

Dereva akatugeukia sisi wa benchi la pili, kama anayetafuta mashahidi. Tulikuwa bado hatujaagiza, na mama alijua wazi kwamba yule akiinuka, tutainuka sote.

Dereva akamega mkate, akachovya. Akachovya tena. Aliporudisha sahani, alikuwa ameifuta kwa mkate mpaka imekuwa nyeupe. Basi na sisi tukaagiza, tukala, tukafuta za kwetu. Mama akashusha pumzi.

Dereva akanawa mikono, akarudi kukaa palepale.

"Bamia tamu, mama," akasema. "Mfungo huo hata mimi nauweza. Sasa nifuturishe. Wali uko wapi?"

Tulimcheka sana. Lakini sahani zetu zilikuwa nyeupe, na hakuna aliyeinuka.