Koti Jeupe Siku ya Ukaguzi

Jamani, nafundisha sayansi hapa Ifakara, na juzi makalio yangu yalifundisha kuliko mdomo.

Niliwachemshia darasa la saba rozela, yale maua mekundu ya juisi, waidondoshee wenyewe ndimu na maji ya sabuni, waone rangi ikibadilika. Mama mkaguzi alipobisha hodi nikababaika, nikalikalia bakuli lake. Rozela yote ikaishia kwenye koti langu jeupe. Nikakimbilia bombani, nikasugua doa jekundu kwa sabuni, nikarudi kufundisha kwa maneno matupu, mgongo ukutani kama mjusi.

“Rozela ikikutana na besi inakuwa rangi gani?” mkaguzi akauliza.

Nikajisahau, nikageuka kufuta ubao.

“Kijani!” darasa zima likalipuka.

“Mmejuaje?”

Kabula akasimama. “Sabuni ni besi, mama. Tazama doa pale mwalimu anapokalia.”

Mkaguzi akainama, akatazama, akapiga makofi.