Mdakaji wa Zama za Vita

Alhamisi iliyopita, katika duka la vitambaa mjini Izki, mama mmoja alimkalisha mwanawe juu ya kaunta ili akunjue kanga aitazame. Mtoto akajipindua, akaporomoka kichwa chini. Sote tukapiga ukelele. Mzee aliyesimama nyuma yetu akajirusha, akamdaka kwa mikono miwili kabla hajafika sakafuni, akamnyanyua juu na kupaza sauti: "Auti!"

Mtoto akacheka. Mama akalia. "Allah akulipe kheri, ammi! Umewezaje?"

Mzee akamwonyesha vidole vyake vilivyopinda. "Kriketi, mwanangu. Unguja, wakati wa vita. Mdakaji wa timu alichukuliwa jeshini, nikaajiriwa mimi nisimame nyuma ya vijiti anavyovilinda mpigaji. Kazi yangu ilikuwa kudaka tu; mpira wa mpigaji ukidakwa kabla haujagusa chini, yeye ametoka: auti! Vita vilipokwisha mwenyewe akarudi, nikaambiwa basi."

"Ukasikitika?"

"Mno! Nilidhani siku zangu zimekwisha." Akambusu mtoto kwenye paji la uso. "Kumbe, wallahi, nilikuwa najifunza."

Nilikwenda nyumbani mbio nikawaambia watu wa nyumbani nimetazama kriketi dukani, Izki. Wakaniuliza kama nimepigwa na jua.