Picha Nilizomsafishia Wangechi

Siku tatu baada ya kumzika Wangechi, dadake aliingia studio yangu ya picha hapa Kamenu, akafunga mlango kwa komeo na kuniomba nimtafutie shingo ya marehemu kwenye picha zangu.

"Muoki, hiyo story ya kuanguka bafuni siiamini," Idah akasema. "Nikimvalisha mochari niliona alama. Zingine za kitambo. Na mwenyewe aliwahi kuniambia bwanake humkaba."

Mimi pia sikuwa nimeiamini. Wangechi alikuwa rafiki yangu tangu darasa la sita, na bwanake, Ephantus, aliyekuwa akiishi naye Ruiru, alimzika kwa haraka mno.

Mpelelezi kule Ruiru alikuwa amemwambia Idah alete picha ya Wangechi akiwa hai, ikionyesha alama hizo. Bila hiyo, kesi ni maneno matupu.

"Wewe ndio ulikuwa unampiga picha kila sherehe," akasema. "Lazima iko."

Mwaka huu nilimpiga picha kwenye ruracio mbili, zile sherehe za mahari, na harusi moja. Tukazipitia zote, nikivuta shingo karibu.

Shingo safi, kila picha.

Idah akanigeukia. "Kwani alikuwa ananidanganya?"

Hapo nikakumbuka.

Baada ya kila sherehe, Wangechi alipita studio, akaketi kando yangu na kuniambia, "Niondolee hayo madoa ya shingo bana, ni mbu." Nami niliyaondoa kwenye kompyuta huku nikiwacheka mbu wa Ruiru. Nikimaliza, nafuta zile picha za kwanza, zenye madoa, ili kompyuta isijae. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya kazi.

"Hakukudanganya," nikamwambia Idah. "Alama zilikuwepo. Ni mimi nilizifuta."

Tulienda kituoni siku hiyo hiyo. Mpelelezi, Bwana Mulei, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua faili. Ephantus alikuwa ametutangulia. Alileta picha kumi na mbili za mkewe akitabasamu, zote kazi yangu, jina la studio pale chini.

"Anauliza alama za kupigwa ziko wapi hapa," Mulei akasema. "Sasa niamini mdomo wako ama kazi yako?"

Nililia pale mbele ya watu, na sioni haya kusema. Ephantus yuko nje mpaka leo.

Wenzangu wa kamera, mtu akikuomba umwondolee alama, muulize kwanza aliipata wapi. Mimi nilipata nafasi tatu za kuuliza. Zote tatu nilicheka.