Kokushubira na Miramura ya Shemeji Yake

Siku ya kwanza kumwona Kokushubira alikuwa amekaa chini kando ya barabara ya Rugera, vidole viwili shingoni, midomo ikicheza. Nilidhani anasali. Nilisimamisha pikipiki nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Usinisemeshe, utanipotezea hesabu." Kisha akaniangalia. "Ninakufa. Nipeleke hospitali, lakini usiende mbio."

Tangu siku hiyo nilimbeba mimi, miaka miwili na nusu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja. Hakutaka kuingia kwa daktari peke yake, kwa hiyo niliingia naye nikasimama karibu na mlango.

Daktari Joanitha, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alimwambia kwamba vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inayotuama humo inaweza kuganda, pande likapanda kichwani na kumpoozesha. Njia zilikuwa mbili. Ameze vidonge kila siku, vya kupunguza mbio za moyo na vya kuzuia damu isigande, apimwe damu kila mwezi. Au aende Mwanza, alazwe usingizi, moyo ushtuliwe kwa umeme urudi kwenye mwendo wake, na hata huko vidonge vya damu vingeendelea.

"Halafu mama, una wasiwasi," daktari alisema. "Wasiwasi unauchokoza moyo, na moyo ukienda mbio wasiwasi unazidi. Nao tutautibu. Hesabu mapigo asubuhi na jioni tu. Hofu ikikushika, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta."

Kokushubira alikataa yote. Umeme ungemuua. Vidonge vingeifanya damu yake iwe maji, ajikate na kisu cha kumenyea ndizi, aishie jikoni. Wiki tatu vile vidonge vilikaa kabatini bila kuguswa, na yeye akihesabu mapigo mchana kutwa.

Aliyemfanya aamue ni shemeji yake. Mumewe alipofariki, Rwegasira, mdogo wa marehemu, aling'oa miramura, ile miti tunayoipanda mipakani, akaipanda upya hatua arobaini ndani ya kibanja cha mjane, katikati ya migomba iliyokuwa inazaa vizuri kuliko yote. Kokushubira alimshtaki kwenye baraza la ardhi. Sasa Rwegasira alikuwa akisema kilabuni, watu wakisikia, "Kesi ya nini? Moyo wake utanimalizia."

Maneno hayo yalimfikia siku hiyohiyo. Nilipopita kwake nilimkuta ameshika kikombe cha maji na vidonge viko kiganjani.

"Anasubiri nife," alisema. "Atasubiri mpaka achoke." Akameza.

"Na Mwanza, mama?"

"Niende nikalale Mwanza, nirudi nikute amepanda miramura mlangoni? Nitameza hivi hivi."

Miezi mitatu alimeza, moyo ukabaki na mbio na mikono ikabaki inatetemeka. Kila mwezi daktari alimwuliza, "Unakunywa kahawa?" Kila mwezi alijibu, "Sijawahi." Hakusema uongo. Kwetu kahawa hutafunwa. Nje, kwenye benchi la kusubiri, alikuwa akifungua pindo la kanga na kutia mdomoni punje zilizochemshwa na kukaushwa, kumi, kumi na mbili, kama tunavyofanya sote. Kuinywa ni mambo ya mjini. Mwezi wa nne nilisema kutoka mlangoni, "Anatafuna."

Aliniangalia kama angeniuma. "Lameck. Rwegasira ameshakuchukua na wewe?"

"Hapana, mama. Ziko kwenye pindo."

Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba kwake yeye zile punje zinaamsha mbio na hofu vyote kwa pamoja. Aliziacha kwa taabu, akininunia wiki nzima. Mikono ikatulia. Moyo haukupata mwendo sawa, lakini ulipunguza mbio, na siku za hofu alikaa kwenye ngazi ya nyumba akitoa pumzi polepole, akilitaja jina la Rwegasira kila anapomaliza kuitoa. Nadhani daktari hakumfundisha hivyo.

Hakukosa kikao hata kimoja cha baraza.

"Bado upo, shemeji?" Rwegasira alikuwa akimwuliza.

"Nipo. Na dawa nimemeza."

Alishinda. Rwegasira aliamriwa aing'oe miramura na kuirudisha ilikokuwa. Kokushubira alitoa kiti akakaa kati ya migomba yake, akamtazama tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Yule mzee alihema, akaomba maji. Kokushubira alimimina kikombe, akamezea kidonge chake, akakiweka chini kitupu. Wazee wa kijiji wakamsihi amsamehe.

"Pale kwenye kona kumebaki mmoja," aliwajibu.

Alifariki mwaka huu, mwezi wa pili, kwa homa ya mapafu. Damu haikuganda, moyo haukummalizia mtu kesi. Kaburini Rwegasira alishika chepe. Mimi hata kwenye jumuiya sijawahi kusimama nikasema neno, lakini nililitoa chepe mikononi mwake. Watu walinung'unika na sijutii. Siku sita kabla ya kifo nilikuwa nimemrudisha Kokushubira kutoka kliniki, akashuka kwenye pikipiki, akanishika bega.

"Lameck, nikishalala sitaweza kumwangalia. Asinitupie udongo. Hata konzi moja."