Mlango wa Melania

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali, kwamba kambi imefungwa, wakimbizi wote wamerejea kwao kwa hiari, na wilaya nzima haina mkimbizi hata mmoja. Honorata aliyasikia hayo akiwa kambini, anang'oa mlango.

Hakuwa peke yake. Kijiji kizima cha nyuma ya mji wa Mwandiga kilikuwa kimehamia kule na mashoka. Honorata, mjane aliyechoka kulala jikoni kwa kaka yake, alijitwalia nyumba moja tu: ya Melania, Mrundi aliyekuwa jirani yake ng'ambo ya shamba la mihogo. Aliyaponda matofali yake, akaloweka udongo, akafyatua upya, akajenga nyumba yake mwenyewe. Maji ya mvua yaliingia pipani, ya vyombo yakaenda kwenye mchicha, jiko likala maganda ya kahawa kutoka Kalinzi. Hakubaki na cha kumwomba mtu. Mlango ulikuwa wa makopo ya mafuta ya msaada yaliyokunjuliwa, bado yameandikwa kwamba hayauzwi. Kweli, hakuuziwa.

Jioni ya kwanza mlango ukabisha.

"Bati linapoa, mama," alisema Leodgar, fundi aliyemsaidia kujenga. "Upepo wa ziwa ukilipiga, linalia."

"Linapoa saa ileile aliyokuwa akija kuomba moto?"

Melania alikuwa akija na kiza, akiondoka na kaa la moto kwenye kigae. Asubuhi alikirudisha kimeoshwa. Honorata alikuwa akimcheka: nani huosha kigae cha majivu?

Jioni ziliendelea vilevile, mpaka Honorata akaanza kufunga virago arudi jikoni kwa kaka. Leodgar, asiyependa kazi yake isemwe vibaya, alipigilia vipande vya tairi kuzunguka fremu. Mlango ukanyamaza. Honorata akakaa anautazama, usingizi ukakataa.

"Si ndicho ulichotaka?" aliuliza Leodgar.

"Nilitaka asibishe. Sikutaka asije."

"Mama, huyo yuko kwao. Wametangaza."

"Nimesikia."

Akayabandua matairi mwenyewe. Jioni mlango ulipobisha, alijibu "Mwiriwe," salamu ya jioni ya Kirundi, kama Melania alivyomfundisha, akaweka kaa kwenye kigae, kigae kizingitini, akalala fofofo kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Utaunguza nyumba," Leodgar alionya alipopita asubuhi.

Kigae kilikuwa pale pale kizingitini, kimefudikizwa kikauke.